Tulivyotafuta chanzo cha madini ya risasi ziwa Kivu, huku kila mtu akimnyooshea kidole jirani yake

Wakuu, salamu kutoka Cyangugu, hapa ziwa Kivu linapoishia na mto Rusizi unapoanzia.

Humu mimi ni msomaji wa kimyakimya. Nasoma nyuzi zenu za mapenzi na viwanja, nacheka, naondoka bila kuaga. Leo zamu yangu. Chumvi sitaongeza hata punje, maana haya yametokea nyumbani kwa dada yangu na wahusika wote wako hai, wengine nawavusha kwa boti kila wiki.

Majina nimebadilisha. Kiswahili nimekulia nacho Bukavu, ng'ambo ya pili, kabla familia haijarudi Rwanda. Kwa hiyo nikinukuu watu wa huku nitawaacha waongee wanavyoongea. Mkiona "batu" kwa watu, "mayi" kwa maji na "njo" kwa ndiyo, msianze kunisahihisha.

Twende.

Kazi yangu ni boti. Ni mtumbwi wa mbao wenye mashine, navusha watu kati ya Kamembe na visiwa vya Nkombo na Gihaya, wao na ndizi zao, mbuzi zao na umbea wao.

Siku moja akaja mteja tofauti. Mama mtafiti kutoka Kigali, nitamwita Docteur Béatrice. Alikuwa na msaidizi mmoja, masanduku ya chupa na glavu nyingi kuliko za hospitali.

Docteur wa maji, siyo wa watu. Lakini nani atasikia? Akina mama wa ufukweni walipanga foleni kumwonyesha magoti. Mmoja alikasirika kabisa alipoambiwa hakuna vidonge, akasema serikali imetuletea daktari wa samaki.

Alitaka boti kwa muda mrefu. Kazi yake ilikuwa kuchukua maji na tope sehemu mbalimbali za kusini mwa ziwa, akapime madini mazito. Zebaki, kadimiamu, na risasi.

Risasi ninayosema hapa siyo ya bunduki. Ni ile metali laini ya kijivu iliyo ndani ya betri za gari. Huku tunaiita plomb, kwa Kifaransa. Shikeni hilo, ndiyo habari yenyewe.

Nilimuuliza atajuaje inakotoka, ziwa lote hili. Aliniambia kwamba metali haiozi, haiungui, na ukiichemsha haiishi. Ikiingia ziwani sehemu kubwa inang'ang'ania tope na kukaa karibu na ilipoingilia. Ukipima sehemu nyingi unaona inavyozidi kadiri unavyokaribia mlango wake.

"Tunatafuta milango," alisema. Yeye alikuwa anaongea Kinyarwanda, mimi nawatafsiria tu.

Sasa wakuu, watu wa ufukweni walikuwa wameshamaliza utafiti kabla chupa ya kwanza haijajaa.

"Ni Bukavu," walisema wengi. "Banatutupia buchafu yabo yote."

Mimi niliyekulia huko wakanigeukia kana kwamba ni mimi niliyemwaga. Nimezoea. Mvua ikizidi ni Wakongomani, ikipungua ni Wakongomani.

Wengine wakasema ni machimbo ya milimani. Wengine wakasema ni ile gesi iliyo chini ya ziwa. Mzee mmoja akasema ni kiwanda cha saruji cha Bugarama. Nikamwambia, Mzee, maji yanashuka kutoka hapa kwenda Bugarama, hayapandi. Akanijibu kwamba mimi nimetumwa.

Kila mtu alikuwa na mshitakiwa wake, na mshitakiwa alikaa mbali na nyumba yake.

Niache ziwa kidogo niwapeleke kwa dada yangu.

Dada yangu Chantal ameolewa na Faustin. Walikuwa wanakaa kwenye ghuba ndogo chini ya mji, nyumba za mwisho kabla ya maji. Wana mtoto mmoja, Ganza, wa kiume. Walimpata baada ya kuhangaika sana, kwa hiyo mnaelewa anavyopendwa.

Ganza alianza vizuri. Alitembea mapema, akaanza kusema, mimi alikuwa ananiita "Tonto" kwa sababu "Tonton" ilimshinda.

Halafu akaanza kurudi nyuma. Tumbo linamuuma, hali chakula, amepauka. Yale maneno machache aliyokuwa nayo yakaanza kupotea moja moja. Mwisho hata "Tonto" ikaondoka. Iliniuma kuliko nilivyotarajia.

Kituo cha afya wakampa dawa ya minyoo. Kisha ya kuongeza damu. Kisha wakamwambia Chantal amlishe vizuri, kana kwamba alikuwa anamlisha mawe.

Maji alikuwa anachemsha. Bomba likikatika wanachota ziwani, lakini Chantal hajawahi kumpa mtoto maji ambayo hayajatokota. Hilo nililiona kwa macho yangu.

Hospitali ikishindwa, huku kwetu jibu la pili liko tayari. Karuho.

Kwa wasiojua, karuho ni sumu ya polepole ambayo watu wa pande zote mbili za mto wanaamini mtu anaweza kukutilia kwenye chakula. Huanguki siku hiyo. Unakauka taratibu. Na anayeitia daima ni mtu wa karibu, kwa sababu wa mbali hakupi chakula.

Wa karibu alikuwa Maman Vestine.

Huyu ni jirani, mjane, anakaanga beignets, maandazi ya huku, na kuuza asubuhi. Chantal akienda sokoni Kamembe, Ganza alikuwa anabaki kwa Maman Vestine. Anakunywa uji wake, analala mgongoni mwake. Ilikuwa hivyo tangu mtoto hajajua kutambaa.

Nani alianza kusema sijui. Maneno ya namna hii hayana baba. Nilisikia tu kwamba Chantal alimkuta Maman Vestine anamnywesha mtoto uji, akamkamata mkono mbele ya watu, akamwaga uji chini.

"Weye haukuzaaka mutoto wa kiume," alimwambia. "Sasa unamaliza wangu."

Baada ya hapo beignets zake hakuna aliyenunua. Aliweka sinia nje asubuhi, akalirudisha ndani mchana likiwa limejaa.

Mimi nilikaa kimya. Karuho siiamini sana, wala siikatai kabisa. Nilijiambia hayo ni mambo ya wanawake wa uani. Basi.

Samahani wakuu, nilipata abiria wa Nkombo. Tuendelee.

Kupima kunafanywa hivi. Chupa maalumu inafungwa kwenye kamba, chini yake kunawekwa kizito ili izame wima. Docteur alikuja na kizito chake cha chuma kisichoshika kutu. Mwanzoni tu kikanasa kwenye miamba upande wa Gihaya, kamba ikakatika, kikabaki huko.

Kuanzia siku iliyofuata Docteur alilala na malaria hadi mzunguko ule ukaisha. Mimi na msaidizi wake tukaona kazi isilale. Ndani ya boti yangu palikuwa na kizito cha wavu, kizuri, kimemiminwa vizuri, zawadi ya shemeji yangu Faustin. Tukakifunga. Chupa ikazama wima kama inavyotakiwa. Tukapongezana.

Mnacheka? Subirini.

Faustin kazi yake ndiyo hiyo. Anayeyusha betri za gari zilizokufa na kumimina vizito vya nyavu. Wavuvi wa sambaza, wale dagaa wa Kivu, wanakuja kwake kutoka visiwani, wengine hadi kutoka Idjwi. Kwa watu wa pwani hivyo ndivyo mnaviita chubwi.

Majibu ya maabara yalipokuja, Docteur alinionyesha kwenye simu yake. Risasi ilikuwa kila mahali. Katikati ya ziwa, kwenye kina, kwenye visiwa, karibu na mpaka, kiasi karibu kilekile.

Habari ikavuja, na ufukweni wakafurahi kwa namna fulani. "Si tulisema? Bukavu imetumaliza."

Docteur hakufurahi. Alikaa kwenye gogo, akakunja paji la uso.

"Uchafu una mlango," alisema. "Huu hauna. Metali inayopatikana kila mahali kwa kiasi kimoja imesafiri nasi."

Akaomba kuona vifaa vyote. Akafika kwenye kamba. Akakishika kile kizito, akakikwaruza kwa ufunguo, kikatoa mng'ao mweupe. Akamwangalia msaidizi wake. Akaniangalia mimi.

"Hiki mmekitoa wapi?"

Hakupiga kelele, na mimi ningependa angepiga. Tulikuwa tumezunguka ziwa zima tukipima kizito cha shemeji yangu.

Tukaanza upya. Safari hii kizito kilikuwa chupa ya plastiki aliyoiosha mwenyewe na kuijaza mchanga, na haikuguswa bila glavu.

Majibu ya pili yakawa na sura. Katikati ya ziwa risasi ilikuwa haionekani sana. Pale mabonde ya jiji la ng'ambo yanapomwaga maji ya mvua ilipanda kidogo, pamoja na vitu vingine. Pale mitaro yetu sisi inapomwaga ikapanda hivyohivyo. Hakuna aliyekuwa msafi, ila kila upande ulikuwa umechafua mlangoni kwake.

Na sehemu moja ilipanda kuliko zote, hasa kwenye tope. Docteur akaiweka alama nyekundu kwenye ramani ya simu, akaniuliza kama napajua.

Nilipajua. Ilikuwa ghuba ya dada yangu.

Tulienda asubuhi, bila kutoa taarifa. Faustin alikuwa kazini uani. Sufuria kuukuu juu ya mkaa, risasi inang'aa ndani kama maziwa machafu, moshi unaingia mlangoni kwa jikoni. Anamimina kwenye vishimo vya udongo, taratibu, bila kumwagika hata tone. Wakuu, ukimwona akifanya unapenda kuangalia.

Pembeni kuna makasha ya betri yaliyopasuliwa. Majivu na makapi anayatupa ukingoni mwa maji, hatua chache tu. Asidi ya betri anaimwaga palepale. Siyo ubaya. Hapo ndipo hata majivu ya jikoni yanapotupwa, ndipo panapooshwa vyombo, na ndipo panapochotwa maji bomba likikatika.

Docteur akamweleza kwa upole. Faustin akasikiliza, kisha akakasirika kwa heshima, mnajua ile hasira ya mtu mbele ya mgeni.

"Docteur, wavu bila plomb ni shuka," alisema. "Babu yangu alifanyaka hii kazi, akakufa muzee. Bukavu njo inatupa sumu, munakuja kukamata miye?"

Chantal akatoka ndani amembeba Ganza. Aliposikia maji yana sumu akaruka.

"Nachemshaka mayi! Kila siku nachemshaka! Uliza huyu kaka yangu!"

Docteur akamwambia kwamba kuchemsha kunaua vijidudu, hakuondoi risasi. Maji yanapungua, risasi inabaki.

Dada yangu alikaa chini.

Wakati huo Docteur alikuwa ameacha kuangalia uani. Alikuwa anamwangalia mtoto.

Ganza alikuwa na uzi shingoni, na mwisho wa uzi ulikuwa mdomoni. Ana tabia hiyo, ananyonya kitu chake mchana kutwa, nimemwona hivyo mara nyingi. Docteur akauvuta taratibu. Kikatoka kimsalaba kidogo, cha kijivu, kinang'aa kwa mate.

"Nani alimpa huu?" aliuliza.

"Ni miye nilimumiminia," alisema Faustin, na sauti yake ilikuwa bado na fahari kidogo. "Ni ya kumulinda. Juu ya ile maneno ya karuho."

"Amevaa tangu lini?"

"Tangu banaanza kusema ile mama anamupatia sumu. Halali bila hii."

Docteur akaugeuza msalaba mkononi. Kona zake zilikuwa zimelika. Palikuwa na alama za meno madogo.

Nilimwona Faustin anaelewa. Ilianzia machoni ikashuka mabegani. Mtoto alikuwa anaumwa tangu kabla, kwa vumbi, moshi na tope la uani. Halafu baba yake, kwa kumpenda, akamtundikia risasi shingoni na kumfundisha kulala nayo mdomoni.

Faustin akaukata uzi kwa meno yake. Akasimama, akainua mkono kuutupa msalaba ziwani.

Docteur akamdaka mkono hewani.

"Siyo huko, Papa Ganza."

Akabaki amesimama na msalaba kiganjani, hajui auweke wapi. Mtu ameishi hapo maisha yake yote na hana mahali pengine pa kutupa kitu. Mwishowe Docteur akamfungulia mfuko wa sampuli, akauweka humo. Ndipo akalia. Mimi nikaenda kuangalia boti.

Damu ya Ganza ilipelekwa Kigali kupimwa. Ikarudi na risasi nyingi. Hakukuwa na karuho ya jirani, ya shangazi wala ya mtu yeyote.

Walilazwa Kigali kwa muda, akapewa dawa ya kuitoa. Daktari, huyu sasa wa watu, akasema dawa ya kwanza ni kutorudi pale uani. Kwa hiyo Chantal na mtoto wanakaa kwangu huku juu Kamembe. Faustin ameacha kuyeyusha betri. Udongo wa pale umetolewa kwa usimamizi wa wataalamu. Anajaribu kutengeneza vizito vya saruji, wavuvi wanalalamika vinapasuka, na wengine wanamwambia amekuwa mwoga.

Mtoto anakula. Amepata rangi. Maneno yanarudi machache, mengine daktari hawezi kuahidi. Mimi ananiangalia tu na kutabasamu, jina bado.

Mlidhani uzi unaishia hapa. Mimi pia nilidhani.

Alibaki Maman Vestine. Yeye alikuwa ameshahama muda, baada ya mtu kumwagia maji machafu mlangoni. Alikwenda Gashonga kwa binti yake, huko kwenye migomba na mihogo, ambako beignets huuzi, unakula tu cha binti yako.

Jumapili moja baada ya misa tukaenda. Chantal na mtoto moto moja (ndiyo bodaboda), mimi na Faustin moto nyingine, na fanta na sukari, kama watu wanaokwenda kuomba kitu.

Alitupokea vizuri. Alitupatia viti, akabaki amesimama. Chantal akapiga magoti kwenye udongo na kusema yote, plomb, msalaba, hospitali. Alisema kwa sauti, binti na majirani wasikie, kwa sababu tusi lilisemwa kwa sauti.

Maman Vestine akamwinua.

"Nimesamehe, mwana wangu," alisema. "Tangu zamani. Mungu anajua."

Chantal akafurahi, mimi nikaanza kufungua fanta. Dada yangu akamsogezea mtoto ampokee. Na Ganza, ambaye siku hizi hata kwangu haji haraka, akamnyooshea mikono yote miwili.

"Maman," akasema. Wazi kabisa. Neno hilo tulikuwa hatujalisikia tangu augue, na hata Chantal alikuwa hajaitwa hivyo.

Maman Vestine alirudi nyuma hatua moja. Akaficha mikono yake chini ya kitenge.

"Hapana," alisema. "Kesho akikohoa, mutasema ni nani?"

Mtoto alibaki amenyoosha mikono hadi Chantal akamgeuza begani.

Wakuu, hayo ndiyo niliyoyaona.

Funzo kwa mwenye haraka: kuchemsha maji hakuondoi risasi, na betri haiyeyushwi nyumbani panapoishi watoto. Mtoto wako akipoteza maneno aliyokuwa nayo, omba apimwe damu kabla hujamkamata mtu mkono. Sisi tulianza na mkono.

Mwenye ujuzi wa vizito vya wavu visivyo vya risasi na visivyopasuka anisaidie, nitamfikishia shemeji. Na nina swali jingine. Docteur anasema tope la ile ghuba likiachwa bila kuongezewa, taratibu litafunikwa na tope jipya na maji yatakuwa nafuu. Maman Vestine naye tumfanyie nini? Kama kuna aliyewahi kumrudishia mtu jina lake, aandike hapa chini, nasoma zote nikiwa nasubiri abiria.